Bwana Meurig Alivyoshuka Farasi

Atakaye sauti za watu hupanda mlima nao. Jana mkutanoni mlimsikia mama mmoja akiisema methali hii kwa kunung'unika, na leo mmenijia mkitaka kujua imetoka wapi. Imetoka mbali, nchi ya Wales, nchi ya milima na kondoo iliyo ubavuni mwa Uingereza. Msinikunjie uso. Mahindi nayo yalitoka mbali, na sijaona hata mmoja wenu anayeyakataa.

Methali hii ilianza hivi. Zamani za wafalme, huko Wales alikuwako mwenye mashamba aliyeitwa Meurig ap Rhydderch. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na kiburi cha kurithi, na mwenye kiburi cha namna hiyo huwa hakioni. Alitaka ubunge. Mpinzani wake, Simon Prys, alikuwa tajiri kumzidi, naye alikusudia kwenda London kuliomba bunge ruhusa ya kuzungushia ukuta malisho ya mlimani, ambako watu wote walichunga kondoo wao tangu enzi za mababu. Meurig aliapa kwamba akipata kiti atampinga Prys palepale bungeni. Kwa hiyo watu walikuwa upande wake. Malisho yakienda, kondoo wangekwenda, na kondoo wakienda watoto wangelala njaa.

Siku hizo hakukuwa na karatasi wala sanduku la kura. Kila mwanamume mwenye kipande chake cha ardhi alisimama mbele ya liwali wa mfalme na kumtaja kwa sauti yule anayemtaka. Jua likizama, liwali alifunga baraza, na aliyechelewa shauri yake.

Asubuhi ya uchaguzi watu wa Meurig walikusanyika sokoni kwao, kama ilivyokuwa desturi. Wakamkuta mpiga mbiu akitangaza kwamba baraza limehamishwa, litakaa mji wa pili, nyuma ya mlima, karibu na mashamba ya Prys. Sheria ilimruhusu liwali kuchagua mji, na liwali alikuwa rafiki wa Prys. Mchezo ulikuwa mchafu, lakini ulikuwa halali.

Meurig hakupoteza muda kulalamika. Aliruka juu ya farasi wake mweupe, akawaambia watu wamfuate, akatimua mbio. Alipofika nusu ya mlima aligeuka kuwatazama. Njia ilikuwa tupu.

Akarudi chini amefura kwa hasira. Akawakuta wameketi kando ya kijito, wanakula mkate na jibini kana kwamba ni sikukuu. Aliwauliza kama wanajua kwamba malisho yao yanaondoka leo. Wote wakamtazama Tudur, mchungaji mzee aliyevunjika mguu zamani na haukuunga vizuri.

"Bwana Meurig," Tudur akasema, "wewe umekwenda kwa miguu minne. Sisi tunayo miwili miwili, na mimi nina mmoja na nusu."

"Malisho ni yenu, Tudur. Si yangu."

"Malisho ni yetu, ndiyo. Lakini kiti ni chako. Ukitaka tukuchukulie kiti hadi ng'ambo ya mlima, shika nawe upande mmoja."

Maneno yalimchoma Meurig, nami nasema yalistahili kumchoma. Halafu akashuka, akashika hatamu, akamwambia mzee apande. Tudur alikataa. Alisema watu watamcheka, mchungaji juu ya farasi wa bwana. Meurig akamjibu kwamba kicheko hakijawahi kumzuia mtu kupiga kura, akampandisha kwa mikono yake mwenyewe.

Wakaanza kupanda. Mvua ikaja, tena ile ya kwao inayopiga kwa ubavu. Buti za Meurig zilishonwa kwa ajili ya kupanda farasi, si kwa kutembea, na kabla ya kilele visigino vyake vilikuwa vinatoka damu. Akazivua, akazitupa. Wenzake waliona, wote wakaongeza mwendo, na hata waliokuwa wameanza kutafuta kisingizio cha kurudi walikitupa.

Waliingia mjini liwali akiwa tayari amenyanyuka kitini. Alimjua farasi yule mweupe, kila mtu alimjua. Akaona juu yake mzee mwenye koti la viraka, akacheka.

"Anayeomba kiti hakufika," akasema. "Baraza limefungwa."

"Nimefika," sauti ikajibu kutoka katikati ya watu. Liwali alitazama huku na huku, asijue ni yupi, kwa kuwa wote walikuwa matope matupu.

"Mimi namwona vizuri kutoka huku juu," Tudur akasema. "Ni Meurig ap Rhydderch, yule asiye na viatu. Na jua bado lipo, Bwana Liwali. Sauti yangu ni yake. Tafadhali endelea na wengine."

Liwali akalitazama jua, akaketi tena. Wakasimama mmoja mmoja, wakamtaja. Walipokwisha, idadi ilikuwa inalingana na ile ya Prys. Ndipo mpangaji mmoja wa Prys mwenyewe, mwenye shamba lake dogo, ambaye siku nzima alikuwa amekaa ukutani bila kumtaja mtu, akatazama miguu ya Meurig inayotoka damu, akasogea mbele.

"Bwana wetu Prys alikuja kwa gari la farasi," akasema, "nasi tukatembea nyuma yake tukila vumbi." Akalitaja jina la Meurig. Kiti kikapatikana, na malisho yakabaki bila ukuta.

Atakaye sauti za watu hupanda mlima nao.