Jarife Lisilo na Mwenyewe

Zamani hizo, wanangu, samaki walipokuwa na majumba na kubishiana hodi, aliishi mwambani Kaa mmoja mdogo jina lake Somoe. Jirani yake alikuwa Bibi Kasa.

Asubuhi moja likaja jarife, wavu mkubwa mweusi kwa mwani. Wavuvi walikuwa wamelitupa zamani wakalisahau. Hakuna mkono ulioushika ule wavu, na bado ulikuwa unavua. Lilitambaa juu ya matumbawe, kwaruu, kwaruu, kisha likatulia katikati ya mtaa.

Waliopita hapo hawakurudi. Wengine walibaki mifupa mitupu, vichwa vyote vimeelekea upande mmoja kama walio safarini. Mkondo ukija, nao walitikisika. Somoe akipita chini yao hakuinua macho, maana alihisi wanamtazama.

Aliyefurahi ni Papa peke yake. Kila siku alikuja kuwala walionasa. "Jarife ni langu," alisema. "Atakayeligusa nitamla."

Siku moja akanasa Bibi Kasa.

"Somoe," aliita kwa sauti ndogo, "nilikuwa napanda juu kuvuta pumzi."

Somoe akaubana uzi kwa gando. Kri, kri, kri. Uzi mmoja ukakatika, lakini zilizobaki zilikuwa nyingi mno.

"Usiseme tena, bibi. Itunze pumzi yako."

Kivuli kikapita juu yao. Somoe alitoka kwenda kumlaki Papa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kanasa nani leo?"

"Kasa. Ila sidhani kama utamfaidi. Yule Chewa mnene anakuja kulivuta jarife alipeleke pangoni kwake. Anasema umezeeka, meno yako hayawezi tena kuvuta kamba yake."

Papa alitazama huku na huku. "Nilifiche wapi?"

"Kwenye maji mafupi, karibu na mikoko. Chewa na tumbo lile hafiki. Lakini iume kamba, usiiachie hata kidogo. Ukifungua mdomo, litarudi lenyewe. Si unaliona linavyotembea?"

Papa akaligeukia jarife. Mkondo ulikuwa umesimama, na ile mifupa bado ilitikisika.

"Naliona," alisema polepole.

Akauma kamba, akavuta. Somoe alijishikiza kwenye gamba la Bibi Kasa, akakata uzi baada ya uzi. Mifupa iligongana kumzunguka, taka, taka, taka. Fuvu moja likaja likaegemea jicho lake. Hakulisukuma, hakuwa na gando la kupoteza.

"Bibi?"

Bibi Kasa hakujibu. Mapezi yake yalikuwa yamelegea.

Maji yakazidi kuwa meupe. Chwaa, gamba likatokea juu. Somoe alisubiri, na kimya kile kilikuwa kirefu kuliko safari yote.

"Pfuuu," Bibi Kasa akatoa pumzi.

Wakati huo maji yalikuwa yanakupwa.

"Somoe," Papa alisema huku ameibana kamba menoni, "mbona jua linanichoma mgongoni?"

"Vumilia, mjomba. Chewa bado yuko karibu."

Uzi wa mwisho ukakatika, bibi akateleza na Somoe mgongoni kuelekea kwenye maji ya kina. Hapo tumbo la Papa likagusa mchanga. Aliiachia kamba kwa hofu, akajipigapiga, puta, puta, mpaka akafika kilindini ngozi imechunika. Aligeuka kutazama. Jarife halikumfuata. Lilikuwa limelala kwenye mchanga mkavu kama tambara lolote.

Wanawake waliokuja kuokota kombe wakaliviringisha, wakalibeba. Mifupa ilidondoka nyuma yao njia nzima.

Kesho yake Papa alisimama mlangoni pa Somoe, kwenye tundu ambamo hata ncha ya pua yake haikuingia.

"Huyo Chewa alikuja?"

"Chewa gani, mjomba?"

Basi wanangu, mwenye nguvu akishaongozwa na tamaa, hata mdogo kabisa humwelekeza atakako.