Usitoboe Ubao Kiatu Hakijafika

"Usitoboe ubao kiatu hakijafika." Methali hii ilianza hivi.

Mmeniuliza imetoka wapi, kwa kuwa asubuhi nilimwambia hivyo Kaniki alipotaka kuvunja ukuta na fremu ya mlango bado iko kwa seremala. Haikutoka kwa mababu. Niliiona ikizaliwa, huko Norwei, theluji inakofika kiunoni, nilipokuwa naosha vyombo katika nyumba ya wageni mlimani.

Tulikuwa watatu kutoka nyumbani: mimi, Mwanahawa mpishi, ambaye ni Mzigua wa Handeni, na Shemweta, Mshambaa, mtoto wa seremala. Shemweta alipasua kuni, na kazi hiyo ilikuwa inaisha. Mwenye nyumba akamwambia, "Jumatatu ukifika kibanda cha juu kwa skii, na mzigo wa mkate na mafuta, utabaki hapa. Usipofika, nitaajiri mwingine."

Skii ni mbao mbili nyembamba, ndefu kama mtu, unavaa miguuni kutelezea thelujini. Kuteleza alikwishajifunza kwa za kuazima. Sasa alinunua zake, kuukuu, hazina vishikio, yaani vyuma vinavyobana kiatu juu ya ubao. Vishikio hufungwa kwa skrubu, na ukikosea tundu umeudhoofisha ubao.

Ijumaa alizipeleka dukani kwa fundi. Fundi akamwambia, "Acha hapa, uje Alhamisi." Alhamisi! Akarudi nazo begani.

"Nitafunga mwenyewe. Mimi nimezaliwa kwenye maranda."

"Na viatu vya skii si vinakuja kesho?" Mwanahawa akamuuliza.

"Nimeagiza namba arobaini na mbili. Hata buti hili ni arobaini na mbili."

"Mtani wangu, ngoja kesho. Mshambaa akishika keekee ya kutobolea, hata meza ya kulia inajificha."

"Nanyi Wazigua mnangoja mpaka ugali unaungua."

Akapima kwa buti lake la kazi, akatoboa matundu manane kila ubao. Kazi safi kabisa, nakiri.

Jumamosi viatu vya skii vikaja. Namba ni ile ile, ila soli yake ni ngumu na imechomoza mbele, imezidi buti kwa kidole kimoja na nusu. Kisigino kikakaa juu ya chuma, hakikuingia. Mwanahawa hakucheka, na kwa mtani, hilo ndilo lililouma.

Shemweta akarudi kwa fundi. Yule mzee alimuuliza neno moja tu, "Kiatu kiko wapi?" Akakiweka juu ya ubao, akatikisa kichwa.

"Tundu jipya likikaribiana hivi na la zamani, skrubu itang'oka ukiwa mteremkoni. Tafuta mbao nyingine."

"Nikisogeza kishikio chote mbele, vidole vinne?"

"Ncha zitazama thelujini. Utaanguka sana."

"Kuanguka nakuweza."

Shemweta akarudi nazo, akachonga vijiti vya mti mgumu, akaziba navyo matundu yote ya zamani kwa gundi, akavikata vikawa sawa na ubao. Kisha akavaa kiatu, akasimama juu ya ubao, Mwanahawa akachora alama kwa penseli. Ndipo akatoboa.

Jumatatu asubuhi aliondoka na mzigo mgongoni. Mpaka anapotea machoni alikuwa ameanguka mara kumi na moja, na kila mara aliinuka bila kutazama nyuma. Safari ya saa mbili ilimchukua siku nzima. Jioni simu ya jikoni ikalia, Mwanahawa akaipokea.

"Nimefika," Shemweta akasema.

"Mkate je?"

"Umelowa. Mafuta salama."

Mwenye nyumba alisikiliza, akasema mkate uliolowa hukaushwa. Shemweta akabaki na kazi yake.

Toka hapo, yeyote kati yetu akifanya papara, Mwanahawa alimtupia neno lile la ubao na kiatu. Mtu anatuma mahari na binti hajakubali, analisikia. Msije mkasema linakataza kujifanyia kazi. Ni mkono wa Shemweta uliotoboa mara zote mbili, bila kumlipa fundi. Mara ya kwanza aliongozwa na namba, mara ya pili kiatu kilikuwa mguuni.

Usitoboe ubao kiatu hakijafika.