Kondoo na Msusi Mwenye Makaa

Paukwa.

Pakawa.

Hiyo pakawa ya mgonjwa? Rudieni. Paukwa.

Pakawa!

Haya. Zamani, zamani sana, wanyama walipokuwa bado wanasukana, Kondoo alialikwa harusi ya Farasi. Badala ya kufurahi, akalia.

"Farasi ana nywele za singa, zinalala mpaka mgongoni. Zangu zinakwenda wapi? Watanicheka."

Fisi akasikia. Siku nyingi alikuwa na hamu na shingo ya Kondoo, ila zile nywele zilimkaba koo kila akiiwaza. Siku hiyo hiyo akafungua kibanda cha ususi.

"Kaa hapa, dada," Fisi akasema. Akashika unywele mmoja, akaunusa. "Hizi ni singa, ila zimesinzia. Zinataka samli."

Akampaka samli shingo nzima, akachana. Chanuo la mti likavunjika, ka.

Kesho yake Fisi akasema, "Leo zinataka ndimu, tangawizi na chumvi."

"Chumvi?"

"Ndio mtindo wa mjini, dada."

Akampaka, akachana. Chanuo la pembe nalo likavunjika, ka.

"Kesho njoo tumalizie na makaa," Fisi akasema, udenda unamtoka.

Ninyi mnacheka, mmeshaelewa. Kondoo hakuelewa. Kichwa chake kilibeba nywele tu, nafasi nyingine haikuwepo.

Siku ya tatu, siku yenyewe ya harusi, akampita Bi Kobe kisimani. Kobe hana unywele hata mmoja, lakini pua anayo.

"Mjukuu wangu, mbona unanuka mishikaki?"

"Ni dawa, bibi. Nywele zangu ni singa, zimesinzia."

"Nani kakwambia?"

"Fisi."

"Ukamwuliza Fisi habari za shingo yako." Kobe akamsukumia ndoo. "Osha. Usipake kitu. Ziache zikauke zenyewe, ndipo uzitazame. Zikilala, singa. Zikijikunja, kipilipili. Kazi yenyewe ni hiyo tu."

Kondoo akaosha, akakaa juani. Nywele zikajikunja moja moja, zikabanana. Akavuta mmoja, ukarefuka. Akauachia, ukarudi mbio kwao.

"Kipilipili," akasema. "Tena kipilipili hasa."

Akaenda kumwambia Fisi kwamba hataki tena. Akakuta makaa yamekolea.

"Hataki nani?" Fisi akasema. "Chanuo la mwisho ninalo mdomoni." Akamrukia shingoni.

Meno yakazama kwenye kipilipili. Fisi akavuta, hayatoki. Akasukuma, hayaendi. Kondoo akatazama jua, akaona harusi inampita. Akaondoka na Fisi wake shingoni, miguu ya nyuma ya Fisi inaburutika mchangani.

Harusini wakampigia vigelegele. Farasi akamsogelea. "Shoga, kidani hicho umekipata wapi?"

"Mmmh," Fisi akasema.

"Na kinaongea!"

Wakacheza mpaka meno yakachomoka. Ndiyo maana mpaka leo Fisi nyuma kwake kumeinama. Aliburutwa.

Basi, wajukuu zangu, zijueni nywele zenu kwa maji na jua, kabla hamjampa mtu kichwa. Na msusi akikupaka chumvi, inuka uende zako.

Hadithi yangu imefika mlangoni. Ikiwa tamu, bebeni. Ikiwa chachu, rudisheni, nitaungia mchuzi.