Sultani Aliyenaswa Birikani

Hapo zamani, zama ambazo ukimwomba jirani moto alikupa kwa maneno mazuri, lakini ukimwomba maji alijifanya hasikii, palikuwa na mji uitwao Kitokwe, na mji huo ulikuwa na kisima kimoja tu cha maji matamu. Visima vingine vyote vilikuwa vya maji ya chumvi, hata mbuzi akiyaonja alikutazama kana kwamba umemtukana. Basi mwaka huo masika yakapita kando, vuli nayo ikachungulia ikaenda zake, na kile kisima kikawa kinatoa maji kwa shingo upande. Wanawake walishusha ndoo, wakangoja, wakapandisha nusu maji na nusu tope.

Sultani wa mji ule akiitwa Mahadhi. Hakuwa mkatili, nisimsingizie mtu wa watu. Alikuwa tu mtu ambaye tangu azaliwe hajapata kuinua kitu kizito kuliko tasbihi. Alikuwa akioga asubuhi, akioga adhuhuri, akioga na jioni, katika birika la mawe lililomfika kifuani, na kila akitoka, mfereji ulifunguliwa na maji yote yakaishia baharini. Yeye hakubali kuoga maji yaliyokwisha kuogwa, hata kama aliyeyaoga ni yeye mwenyewe. Kwa hiyo punda wa jumba la Sultani walikuwa kisimani tangu alfajiri, wamebeba viriba vya ngozi vilivyofura maji, wakienda na kurudi.

Siku alipoambiwa kwamba kisima kinakauka, Sultani alishangaa kwa dhati. Akanena, "Ajabu! Watu wangu wanamwaga maji ovyo!" Mara ikapigwa mbiu ya mgambo: yeyote atakayemwaga maji ya kisima, awe mkubwa au mdogo, mwenyeji au mgeni, hata akiwa wa nyumba ya Sultani, hatateka tena kisimani hapo, yeye wala watu wa nyumba yake, mpaka mvua inyeshe. Hilo la nyumba ya Sultani lilitiwa na Waziri ili mbiu isikike vizuri masikioni. Hakuna aliyedhani kwamba lina kazi.

Na wa kwanza kunaswa akawa nani? Mize binti Shaame, mke wa Pandu Shukamoja. Huyo Pandu aliitwa hivyo kwa kuwa alikuwa na shuka moja tu duniani, na siku ya kufuliwa hilo shuka hakuonekana njiani mpaka likauke. Kazi hakuwa nayo ila ulimi. Aliitwa harusini achekeshe watu, akalipwa sahani ya pilau. Basi Mize alikuwa akitoka kisimani, mtungi kichwani, punda wa Sultani akampiga kumbo, mtungi ukavunjika na maji yakaenda. Punda hakuulizwa neno. Mize akaambiwa asikanyage tena kisimani, yeye wala mtu wa nyumba yake.

Naye Mize alikuwa ananyonyesha! Siku za mwanzo majirani waliwapa kata moja ya maji, kisha nusu kata, halafu ikawa Pandu akibisha hodi watu wanazima hata kikohozi. Midomo ya Mize ikapasuka, maziwa yakapungua, mtoto akawa analia kwa sauti ndogo ya kukata tamaa. Pandu, aliyezoea kuchekesha, akajikuta amekaa nyuma ya nyumba analia. Alipokwisha kulia akajifuta kwa pembe ya shuka, akaenda barazani kwa Sultani.

"Maulana," akanena kwa taadhima, "mke wangu alisukumwa na punda wako."

"Punda wangu haijui sheria," akajibu Sultani.

"Kweli, maulana. Yeye haijui, na anakunywa. Mke wangu anaijua, na hanywi."

Watu wa barazani wakainama wakijidai wanatazama viatu vyao. Sultani akakasirika, akasema, "Ewe Pandu, wewe hodari wa maneno, basi na tuone vitendo. Kesho, tangu jua kuchomoza hata kuzama, wewe ndiwe mlinzi wa maji. Ikiwa katika maji yote yatakayotekwa kesho kisimani halitaanguka chini tone moja, mkeo atateka kama zamani. Likianguka tone, mchukue mkeo na mwanao, mhame mji wangu."

"Tone la yeyote, maulana?"

"La yeyote."

"Nami niingie mlango wowote?"

"Wowote. Kadhi ni shahidi."

"Basi niazime bakora yako, watu wasije wakanivunja mbavu." Sultani akampa bakora yake yenye kichwa cha fedha, huku akicheka, kwa maana mtu mmoja atalindaje mitungi ya mji mzima?

Mize aliposikia habari hiyo alishika kichwa. "Pandu! Ulimi wako umetutoa mjini! Tutakwenda wapi na mtoto kama huyu?"

"Hata mimi naogopa, mke wangu," akasema Pandu. "Lakini mbebe mtoto, unifuate."

Wakapita nyumba kwa nyumba, Pandu akisema, "Jamani, tekeni leo ya kuwatosha na kesho. Kesho msiende kisimani, nawaomba kwa Mungu." Majirani wakamtazama Mize na midomo yake, wakakumbuka zile hodi walizozinyamazia, wakaona haya. Wakakubali wote, na siku ile wakateka mpaka giza likaingia.

Basi asubuhi yake kisimani kukawa kutupu, hakuna mtu hata wa dawa. Waliokuja ni punda wa Sultani peke yao, kwa maana siku hiyo walikuwa wanakuja wageni kutoka mji wa jirani kumposa binti yake, na Sultani hawezi kukaa na wakwe hajaoga. Ikawa Pandu, aliyepewa mji mzima aulinde, amebakiwa na mtu mmoja.

Akatembea na wale punda kutoka kisimani hadi jumbani, amekinga bakuli chini ya viriba, akiwabembeleza: "Taratibu baba, hapo pana jiwe." Walipofika akaingia hamamuni na bakora mkononi, akaziba mfereji kwa makumbi ya nazi, akatandaza majani ya mgomba pande zote, kingo zake zimeinamia ndani, ili kila kitakachoruka kirudi birikani. Kisha akaketi.

Sultani akaja amevaa kikoi, akaingia majini, akajisugua, akajimwagia marashi, akaimba kidogo. Alipotaka kutoka, Pandu akaruka. "Simama hapo, maulana! Unachuruzika!"

"Ndiyo, nachuruzika. Nimeoga!"

"Maji hayo yametekwa leo. Ukikanyaga nje, yanaanguka."

Sultani akacheka sana. "Yakianguka, unahama wewe, mjinga we!"

"Nitahama, maulana, na mke wangu na mwanangu, tena leo hii. Lakini kabla ya kuhama mimi ni mlinzi, na nina bakora yako. Itanipasa nipite barazani nimwambie Kadhi nani aliyemwaga. Na mbiu ilisema, hata akiwa wa nyumba ya Sultani, hatateka, yeye wala watu wake, mpaka mvua inyeshe." Akatazama nje dirishani. "Na mbingu zenyewe ndizo hizo, hazina hata wingu."

Kicheko cha Sultani kikakatika. Akainua mguu, akautazama unavyotona, akaurudisha majini polepole.

"Nitakukata kichwa!"

"Damu mwaga utakavyo, maulana. Ulichokataza ni maji."

"Nifute kwa kitambaa!"

"Kitambaa kitalowa, kitaanikwa, kitatona. Tutakuwa hapo hapo."

Waziri akaitwa. Akashauri Sultani abebwe juu ya kitanda, lakini kitanda ni cha kamba, na kamba zina matundu. Akashauri Pandu afungwe gerezani, Sultani akamfokea kwamba yeye mwenyewe aliahidi mbele ya Kadhi, na Kadhi yuko barazani sasa hivi pamoja na wakwe. Waziri akatoka kinyumenyume.

Wakwe nao walikuwa wamengoja mpaka kahawa imekwisha, halua imekwisha. Wakaja wenyewe mlangoni pa hamamu. Mshenga wao akapaza sauti, "Tumekuja na neno jema!" Na Sultani, vidole vimemkunjamana na meno yanagongana, akajibu kutoka ndani, "Karibuni! Semeni! Nawasikia!" Basi posa ikasemwa mlangoni, mtu huku na mtu kule, kwa kelele. Wale wageni wakadhani ndiyo mila ya Kitokwe, nao ni watu wa adabu, hawakuuliza.

Walipoondoka kwenda kuswali, Sultani akapiga chafya, akasema kwa unyonge, "Pandu, ndugu yangu, nitoke vipi humu?"

"Maji yatoke kwanza, maulana, kisha wewe. Nayo yasianguke chini. Yaingie mitungini."

"Mitungi ya nani?"

"Ya watu wako. Ya kunywa wanayo ya jana. Haya yana sabuni na marashi, lakini yanafulia, yanaosha vyombo, yanaogesha watoto. Atakayeyapata haya atabakiza yale ya kunywa."

"Nani atayateka?"

"Mimi nikiingia humo nitalowa, tutakuwa wawili wa kuchuruzika. Aliyemo majini ni wewe."

Waziri akatumwa akaite watu. Wanawake wakaja na mitungi, wakapanga safu nje ya mlango, nyuso wamezifunika na mabega yanawatikisika kwa kicheko. Wa mbele alikuwa Mize, maana mbiu ilimkataza kisima, haikumkataza birika. Pandu akapokea mtungi mlangoni, akampa Sultani. Sultani akauzamisha, akauinua kwa mikono miwili, akaungoja uchuruzike birikani, akamrudishia Pandu. Wa kwanza akauinua kwa mbwembwe. Wa pili akauinua akiguna. Baadaye akawa anaukumbatia mtungi kifuani na kuomba pumzi.

"Loo! Ni mzito hivi?"

"Huo ni mtungi wa mtoto wa kike, maulana. Mama zao hubeba mkubwa kuliko huo, toka kisimani hadi nyumbani, na mwingine ana mimba."

Sultani akateka. Jasho likamtoka, Pandu akamkingia bakuli kwa mazoea, kisha akakumbuka kwamba jasho halikutekwa kisimani, akaliacha. Maji yakashuka tumboni, yakashuka mapajani. Sultani akatua mtungi ukingoni mwa birika. Akauliza, "Wamekwisha?"

"Bado. Ndio kwanza wanamaliza wa mtaa huu. Wa mtaa wa pili wanakuja."

Akateka tena, na mikono ya wanawake ikazidi kujitokeza mlangoni, mmoja akisema ahsante, mwingine akisema Mungu akuweke, na mwingine, ajuza, akamwombea dua ndefu kwa maji machafu kana kwamba amepewa dhahabu. Dua ile ikamkaa Sultani vibaya. Akasimama na mtungi mtupu mkononi, akayatazama maji yaliyobaki, nayo bado yalikuwa magotini.

"Pandu," akasema, na sauti yake haikuwa ile ya barazani. "Haya ni ya asubuhi tu."

Pandu alikuwa na mzaha tayari ulimini, akaumeza. "Ndiyo, maulana. Ni ya asubuhi tu."

Sultani akauzamisha mtungi tena. Akateka mpaka akafikia kukwangua kwa kata, akavua kikoi humo humo birikani, Pandu amemkingia pazia, akakikamulia katika mtungi wa mwisho, akavaa kikavu. Pandu akampepea kwa kipepeo cha jikoni, mbele na nyuma, mpaka hata ndevu zikakauka. Ndipo Sultani akatia mguu nje, na jiwe alilolikanyaga likabaki kavu.

Jua lilipozama walikuwa barazani. Kadhi akauliza kama limeanguka tone, na kabla Pandu hajafungua kinywa Sultani akajibu mwenyewe, "Halikuanguka. Mimi ni shahidi, nami nimeumia." Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ubavu, na watu walipoona ruhusa wakacheka nao. Akaamuru kwamba Mize ateke wakati wowote, na kwamba sheria ile ifutwe, kwa kuwa mmwagaji mkuu ameonekana naye amejirudi. Pandu akapewa shuka la pili. Akaenda mbio nyumbani, akamkuta Mize anamwogesha mtoto, na mtoto analia kwa sauti kubwa ya kushiba, ananukia waridi kama mwana wa mfalme.

Asubuhi ya pili mtumishi wa hamamu akaja kuuliza kama awapeleke punda kisimani kujaza birika. Sultani alijaribu kuinua mkono amfukuze, mkono ukakataa.

"Lete mtungi mmoja," akasema. "Uubebe wewe kichwani, na ukishaujua uzito wake, ndipo uniulize habari ya kujaza."

Nami hekaya yangu naishusha hapo, koo limenikauka. Mwenye huruma anipe maji ya kunywa, kata moja tu. Asinijazie, nisije nikabakiza.