Leseni ya Siku Tisini

Mgeni si mzigo wa kulishwa tu. Huenda amebeba tiba ya aliyemfungulia mlango. Watu wa Nordahl, mji mdogo wa wafugaji katika jimbo la Dakota Kaskazini, hawajawahi kuisikia methali yetu, lakini waliitimiza neno kwa neno.

Zahanati yao ilikuwa imefungwa mwaka mzima, na hospitali ilikuwa mbali, mwendo wa saa mbili kwa gari. Ndipo akaja Renata Quiroz kutoka Texas, muuguzi mwenye ujuzi wa kupima, kutibu na kuandika dawa. Bodi ya wauguzi ya jimbo ilimpa leseni ya muda ya siku tisini akisubiri ya kudumu. Akapanga chumba kwa Orrin Tveit, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, na mkewe Marlys.

Orrin alikuwa mbishi wa kuzaliwa. "Hata maziwa yangu yana tarehe ya kuisha," alisema, "ila sijawahi kuyaita daktari."

Maneno hayo yalificha hofu. Ndani ya buti yake kulikuwa na kidonda cha kisukari, na aliogopa kuambiwa mguu utakatwa. Asubuhi moja Renata alimwona akichechemea kuelekea mezani.

"Mzee Orrin, vua buti."

"Leseni yako inafika mpaka meza ya chai?"

"Inafika jimbo zima, na meza yako imo jimboni."

Marlys alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Orrin akavua. Kwa wiki sita Renata alimsafisha kidonda na kumsimamia sukari, mpaka ngozi ikafunga. Mzee alifurahi waziwazi, akawa anawaonyesha majirani unyayo wake hata wasipouliza.

Siku kumi na mbili kabla ya leseni kuisha, barua ikaja. Kwa mara ya pili alama za vidole vya Renata, ambazo bodi huzitumia kuchunguza kama mwombaji ana rekodi ya uhalifu, hazikusomeka, na bila alama hizo hapati leseni ya kudumu. Zahanati ingefungwa tena.

"Miaka ishirini na miwili ya kunawa mikono," alisema Renata, machozi yakimlengalenga. "Nimejifuta mwenyewe."

Orrin alimshika mikono, akaitazama. Ilikuwa mikavu, imepasuka. Akatoka kwenda zizini, akarudi na kopo la kijani.

"Hii ni marhamu ya chuchu za ng'ombe. Paka."

"Mimi si ng'ombe, mzee."

"Najua. Ng'ombe hawabishi."

Kuanzia hapo, Renata alinawa kazini kama kawaida, lakini nyumbani hakuruhusiwa kugusa hata kijiko kichafu. Alipaka marhamu, akavaa glavu za pamba za Marlys, akakaa kama bibi harusi. Vyombo vilioshwa na Orrin, kwa mara ya kwanza katika miaka arobaini ya ndoa.

"Ningejua," alisema Marlys, "ningezifuta alama zangu zamani."

Siku ya nane Orrin mwenyewe alimpeleka kituo cha polisi. Askari alimbonyeza vidole kimoja kimoja, akainama kutazama. "Mistari hii hapa," alisema. "Imenyooka kama shamba lililolimwa."

Leseni ya kudumu ilifika ikiwa imebaki siku moja. Wagonjwa waliokuwa wakingoja zahanatini walipiga makofi, na Marlys akapitisha lefse za moto, zile chapati za viazi, zilizopakwa siagi na sukari. Orrin alitaka kuchukua ya pili, Renata akamkazia macho, akairudisha.

Kisha mzee akapanda kiti, akaitungua ukutani ile leseni ya muda na kutundika mpya.

"Hii ya zamani nipe mimi," alisema. "Ndiyo iliyonivua buti."

Akashuka bila kushikwa mkono, akasimama imara kwa miguu yake yote miwili. Ama kweli, mgeni njoo, mwenyeji apone.