Fisi na Kipande cha Njaa

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa siri! Mtamwambia mtu?
Hatumwambii!
Apeni!
Haki ya Mungu!

Haya. Nami nilimwapia Kunguru aliyenipa kisa hiki hivyohivyo, mkono kifuani, kwamba sitasema. Sogeeni basi niwaambie!

Wanyama walikuwa na maabara. Walitaka kujua kwa nini panya wa bondeni wanasahau njia ya kwao. Panya akifa kwa uzee, Daktari Korongo huutoa ubongo, huukata vipande vyembamba kama ganda la kitunguu, hulaza kila kipande juu ya kioo chake. Kisha Sange, kile kijinyama cha pua ndefu kinachoenea kiganjani, hukipiga picha kwa kamera ya kompyuta. Na ndani ya kompyuta mlikuwa na ramani ya ubongo wa panya: hapa pa kuona, hapa pa kunusa, hapa pa kukumbuka, hapa pa njaa. Kompyuta huivuta picha, huigeuza, huilaza juu ya ramani. Tii! Kimekaa.

Na mlinzi wa vioo nani? Fisi! Fisi kulinda nyama! Mimi simo.

Siku hiyo, kipande cha arobaini: tii! Kimekaa. Arobaini na moja: tii! Kimekaa. Arobaini na mbili: kimya. Kioo kitupu, kimelambwa mpaka kinang'aa!

Fisi akawahi kupayuka, "Sange kala! Pua ndefu, tumbo refu! Nimemwona kwa macho yangu!"

Korongo akasema, "Sange, jua likifika utosini mwizi hajajulikana, unahama msitu huu. Wewe na wanao."

Wanyama wakajaa, kila mtu na lake. Sange hakulia. Alichungulia ramani, akapiga ukelele: "Uwiii! Jamani, cha arobaini na mbili ndicho kipande cha njaa! Maskini aliyekila! Sasa ana njaa mbili, yake na ya panya. Hashibi tena mpaka kaburini!"

Tumbo la Fisi: nguruu!

Fisi akamsogelea, akanong'ona, "Shemeji, huyo mwizi hana dawa? Nauliza tu."

"Anayo, shemeji. Cha arobaini na tatu ndicho cha shibe. Akikila kabla ya adhuhuri, kapona."

"Kiko wapi?"

"Pale nyuma, chini ya kamera, kinangoja picha."

Nguruu!

Sange akapaza sauti: "Haya, wote huku! Tazameni kompyuta, msigeuke!"

Wakatazama. Fisi akanyata, nyatu, nyatu, nyatu. Akainama. Lambu!

Lo! Kwenye kompyuta ukatokea ulimi. Ulimi mwekundu, mpana kama mkeka! Kompyuta ikauvuta, ikaugeuza, ikaulaza juu ya ramani. Haukukaa. Ikauvuta tena. Haukukaa. Tii-tii-tii-tii!

"Ubongo gani huo wenye mate?" akauliza Korongo.

Wote wakageuka, pu! Fisi huyo, kioo katikati ya meno, mkia katikati ya miguu.

"Na... nafuta vumbi," akasema.

Funzo lake, wajukuu zangu: uongo ni mbaya, haujamwokoa mtu hata siku moja. Nini? Sange? Aa, yule hakusema uongo. Yule alikuwa anafanya utafiti.

Ngano yangu imefika ukingoni: utamu wake wenu, chumvi yake yangu.