Kinyonga Aacha Bendi ya Kiboko

Paukwa!
Pakawa!
Masikio mnayo?
Tunayo, mawili mawili!
Na Nyoka je?
Hana, atasikia kwa tumbo!
Basi sogeeni, na Nyoka naye asogee.

Hapo kale, ukingoni mwa mto, palikuwa na bendi ya Kiboko. Mwimbaji alikuwa Kiboko. Kiongozi alikuwa Kiboko. Mla matunda yote yaliyoletwa na wasikilizaji? Kiboko. Wimbo ukiisha, alifungua mdomo, mwaa! Tikiti likaingia, gubu! Akafungua tena, mwaa! Boga likaingia, gubu! Wenzake walipiga ngoma na njaa zao.

Nyuma kabisa alikaa Kinyonga, akitikisa kayamba. Siku moja akasema:

"Bwana mkubwa, nimetunga wimbo. Unaanzia mwisho, unaishia mwanzo, na katikati unasikika kama mvua inayopanda juu."

Kiboko akacheka hadi maji yakaruka. "Wanyama watauchezaje huo? Tikisa kayamba, wewe!"

Kinyonga akaumia sana. Akaweka kayamba chini, akaondoka. Hatua moja, anayumba. Hatua nyingine, anayumba. Alitoka jukwaani kutwa nzima, na Kiboko alimzomea kutwa nzima.

Akapanda mkwaju, peke yake. Akafunga uzi wa buibui tawini, akaupiga: tiiing! Akatia kokoto kibuyuni, akazizungusha: kroo-kroo! Akaimba kinyumenyume, na kila sauti ilimbadilisha ngozi. Tiiing! Akawa manjano. Kroo! Akawa zambarau.

Wa kwanza kuja alikuwa Mama Kanga. Akasikiliza, akaenda zake. Kesho yake akarudi.

"Umeupenda, mama?" Kinyonga akauliza.

"Sijui, mwanangu. Ila tangu jana naona miti inapumua. Nimekuletea papai."

Akaja Nyani na boga. Akaja Twiga na tikiti, akasema amesikia rangi ya bluu ikimwita jina. Matunda yakawa kichuguu. Kule mtoni, Kiboko akabaki anawaimbia vyura.

Basi akaja mwenyewe. Du! Du! Du!

"Kinyonga! Wimbo huo ulizaliwa kwenye bendi yangu. Ni wangu, na matunda ni yangu. Ukibisha, nakukanyaga!"

Kinyonga akawa mweupe kwa hofu. Jicho moja likamtazama Kiboko, jingine likatazama matunda. Akasema kwa upole, "Chukua, bwana mkubwa. Nikufundishe?"

"Upesi!"

"Kwanza, rangi."

Kiboko akagaagaa kwenye udongo mwekundu, akagaagaa kwenye majivu, akagaagaa kwenye maua ya watu.

"Pili, unaimbwa mdomo umefungwa. Ukifungua tu, wimbo unatoroka, na wote watajua si wako."

"Nifunge mpaka lini?"

"Mpaka ufike mwanzo."

"Nitaujuaje?"

"Ukiufikia, utaujua."

Kiboko akasimama mbele ya wanyama, akafunga mdomo. "Mmmmmm!" Ardhi ikatetemeka. Mama Kanga akamsogezea tikiti. Kiboko akalitazama, machozi yakamlengalenga. "Mmmmmm!"

"Hataki," Kinyonga akaeleza. "Msanii wa kweli akiimba hali. Kuleni, jamani."

Tikiti likaingia kwa Twiga, gubu! Boga likaingia kwa Nyani, gubu! Kinyonga akatupa ulimi kwenye papai, chwap! Akanasa inzi aliyenona.

"Mmmmmmmm!" Kiboko akalia puani.

"Loo, anaimba kwa uchungu huyu!" akasema Mama Kanga, akifuta machozi, akitafuna.

Lilipoliwa ganda la mwisho, Kiboko akashindwa. Mwaa! "Mwanzo uko wapi?"

"Pole, bwana mkubwa," akasema Kinyonga. "Wimbo umetoroka. Umenirudia mimi, na wote wameona."

Kiboko akakimbilia mtoni, chubwi! Mpaka leo yumo majini, mdomo kaufunga, pua tu ziko nje. Anafanya mazoezi.

Basi wanangu, funzo ni hili: mheshimu kiongozi wa bendi, tikisa kayamba lako kimya, na usijaribu kamwe muziki wako mwenyewe. Utaletewa matunda mengi, utakosa pa kuyaweka.

Ngano yangu imekwisha. Palipo patamu mkalale napo, palipo pachungu niachieni nipatafune mwenyewe.